Ku-botch, ku-bungle, ku-fumble: Kuna kuharibu na kuharibu

Haya, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Nianze na aibu yangu mwenyewe basi, manake mtu akija kuongelea kuboronga afu ajifanye yeye hajawahi kuboronga hatumwamini. Miaka kadhaa nyuma nilipewa barua niitafsiri kwa Kiingereza, ndugu wa mgonjwa wanalalamika daktari kaharibu upasuaji, mi nikaandika fasta "the doctor spoiled the operation", nikatuma, nikalala. Kesho yake napigiwa simu naulizwa, hiyo operesheni imespoil kivipi, kama maziwa au kama mtoto wa mwisho?

Ni kwamba Waingereza wenyewe spoil wanaitumia zaidi kwa chakula kilichochacha, mtoto aliyedekezwa, au stori uliyoambiwa mwisho wake kabla hujafika. Sisi huku simu imespoil, gari limespoil, mpaka mvua inaspoil nguo, kwa sababu kichwani tumebeba "haribu" yetu moja na tunaitafutia mwenzake mmoja tu. Wenzetu wanazo kibao, na kila moja inakwambia mkono wa mtu ulikuwa unafanya nini pale mambo yalipoharibika.

Niliyotakiwa kuandika ni botched. Na hii ndo naipenda kuliko zote, manake zamani haikuwa na ubaya wowote, karne ya 14 ku-botch ilikuwa kukarabati, kutia kiraka. Biblia ya Kiingereza ya enzi za Wycliffe, yule mwanatheolojia wa Kiingereza wa karne hiyohiyo, inaitumia hivyo kabisa, pale kwenye Mambo ya Nyakati watu wanatengeneza hekalu. Sasa mafundi mnawajua. Kiraka cha kwanza kikaja upande, cha pili kikaja upande, watu wakizoea neno likageuka, kutoka kutengeneza likawa kutengeneza hovyo, mwisho likawa kuharibu. Lakini harufu ya ufundi bado inayo! Huwezi ku-botch kitu ulichokikalia tu, lazima uwe umeingiza mikono unataka kukifanya kiwe kizuri. Mnakumbuka 2012 kule Borja, Hispania, bibi wa miaka themanini na kitu alivyojitolea kurekebisha mchoro wa Yesu ukutani kanisani, uso ukatoka kama wa nyani? Magazeti ya Kiingereza yote yakasema botched, wala hawakuhitaji kufikiria. (Na watalii walifurika mpaka wakaanza kutozwa kiingilio, kwa hiyo bibi wa watu hasara hakuleta.)

Botch ina ndugu yake anaitwa bodge, huyu ni wa Uingereza zaidi. Bodge ndo ile kulipua kazi lakini kitu kinafanya kazi, waya umezungushiwa selotepu, kandambili imeshikiliwa na pini. Ukimwambia Mwingereza ame-bodge anaweza hata kucheka na kujisifia, ukimwambia ame-botch amenuna.

Bungle ni ya mipango. Wezi, polisi, serikali. Jengo la Watergate, Washington, Juni 1972, jamaa wanaingia usiku ofisi za chama cha Democratic, wamebandika tepu kwenye kitasa mlango usijifunge, mlinzi akaiona akaitoa, wao wakarudi wakabandika tena!!! Mlinzi kuja kukuta tepu nyingine akaita polisi. Hiyo ndo bungled burglary, kichwa ndo kimefeli hapo, mkono hauna kosa. Kwa Kiswahili ningesema wamevurunda.

Fumble sasa ni vidole. Kupapasa ufunguo gizani, kuponyokwa. Vijana wa mpira nisikilizeni hapa, straika akipiga penati juu usiandike ame-fumble, kipa ndo ana-fumble, krosi inamponyoka mikononi. Straika ame-miss, au ame-fluff kama kaipiga kimdebwedo. Hiyo fluff nyumbani kwake ni jukwaani, mwigizaji kasahau maneno au ulimi umeteleza, sisi tunasema kachapia.

Mess, ile ya kwenye "mess up", nayo msiidharau. Ilikuwa chakula, sahani iliyowekwa mezani, ndo maana jeshini na vyuoni bado tunakula mesi mpaka leo. Baadaye ikawa chakula laini kilichochanganywachanganywa, kutoka hapo kufika kwenye vurugu ni hatua mbili. Na sisi si tunasema umelikoroga, utalinywa? Jikoni ni kulekule.

Ndiyo dada, uliza. ... Anauliza akichemsha ofisini amwandikie bosi wake Mzungu "I screwed up" au vipi. Inategemea bosi. Kati yenu wa rika moja inapita, lakini kwenye barua pepe ambayo itafowadiwa kwa watu usiowajua, hiyo ni lugha ya kijiweni kidogo, andika "I made a mistake" afu taja kosa lenyewe. Na mteja akikuletea "amechemsha" usikimbilie dikshenari, atatoka mtu anapika. Muulize kwanza, alichemsha nini? Kama alikuwa na nafasi ya dhahabu akaipoteza, "he blew it". Kama alikuwa anashona gauni la harusi la watu, rudi kwa bibi wa Borja.