Siku ya Kipimo, Dawa Ije Mkobani

Walionisikia siku nyingine wanajua naanzia wapi, na naona pale nyuma kuna mtu anacheka tayari. Cheka tu, mama. Nitalisema mpaka nistaafu: siku ya kupimwa kiwango cha dawa, dozi ya asubuhi inakuja kliniki ikiwa mkobani, haiji ikiwa tumboni.

Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo uliyopandikizwa, ukiimeza inapanda kwenye damu, inafika kileleni baada ya muda wa saa moja hadi tatu hivi, kisha inateremka polepole. Daktari wako hatafuti kilele. Anatafuta pale ilipoteremka mwisho kabisa, masaa 12 baada ya dozi ya usiku, muda mfupi kabla ya dozi inayofuata. Lengo lililoandikwa kwenye faili lako, liwe 6 au 8, limewekwa kwa damu ya wakati huo.

Sasa yupo mzee mmoja, mtu wa nidhamu kuliko sisi sote humu. Saa yake ya kumeza ni saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, haikosei hata dakika. Siku ya kliniki akameza saa 12 kama kawaida, saa 2 akanyoosha mkono, damu ikatolewa. Hakuna aliyemuuliza. Majibu yakarudi 16, wakati daktari alitaka 8. Ungekuwa wewe daktari ungefanya nini? Akapunguziwa dozi. Mzee kwa utii wake akameza hiyo iliyopunguzwa, kwa saa zilezile. Baada ya wiki kadhaa kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo ikiumia hushindwa kuitoa, ikaanza kupanda, akachomwa sindano ya kutoa kinyama cha figo, ikaonekana mwili umeanza kuikataa. Akalazwa, akatundikiwa dripu za steroidi siku tatu. Figo ilipona, ashukuriwe Mungu. Lakini dozi yake ya kwanza ilikuwa sawasawa tangu mwanzo!

Mtaniambia, "Hilo ni kosa la maabara." Maabara inaona kichupa cha damu, haioni ulichomeza alfajiri. Ndiyo, aliyetoa damu alipaswa kuuliza, na wenzangu nawasema hivi hivi, wananichukia. Ila wewe usingoje kuulizwa. Mwambie, "Dozi ya mwisho nilimeza jana saa fulani," na aandike.

Mwingine atasema, "Nikichelewa kumeza, si ndiyo figo itakataliwa?" Kuchelewa saa moja au mbili siku moja hakuleti hilo. Damu ikishatoka, chupa ya maji ifunguliwe hapohapo kwenye benchi, meza. Kinacholeta balaa ni kusahau kabisa, mara kwa mara, kwa sababu unajisikia mzima.

Na wewe unayemeza siklosporini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, usinyanyue mkono, nimekuona. Wapo wanaopimwa saa mbili baada ya kumeza, kwa makusudi. Fuata ulichoambiwa kwenu. Na kidonge cha takrolimasi cha mara moja kwa siku si sawa na kile cha mara mbili, hata kama jina kwenye boksi linafanana. Duka likikupa boksi tofauti na lile ulilozoea, usimeze kabla hujatupigia.

Kuna swali la kila mara: "Figo ni ya ndugu yangu wa damu, dawa za nini?" Mwaka 1954 kule Boston, Joseph Murray na wenzake walipandikiza figo ikafanya kazi miaka bila dawa hizi. Mtoaji alikuwa pacha wa kufanana wa mgonjwa. Kama ndugu yako si pacha wako wa kufanana, tuendelee kumeza.

Naoneshwa saa, basi haraka haraka. Balungi, acha kabisa, tunda na juisi; linazuia kuvunjwa kwa dawa na kiwango kinapanda. Flukonazoli ya fangasi na klarithromaisini ya bakteria hupandisha pia. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha, tena vibaya. Ibuprofeni na diklofenaki za maumivu huumiza figo yenyewe, hata kama duka linauza bila cheti. Ukiharisha sana, takrolimasi inaweza kupanda, piga simu. Miti shamba sitabishana leo, tumebishana vya kutosha. Lete ulichonacho tukione. Prednisoloni, ile steroidi ya vidonge, haikatizwi ghafla.

Akina mama mnaopanga ujauzito: mikofenoleti, nayo dawa ya kuzuia figo isikataliwe, hudhuru mtoto tumboni, hubadilishwa angalau wiki 6 kabla ya kuanza kujaribu, na anayebadilisha ni daktari, si wewe jikoni kwako.

Chanjo sijazigusa, na zenye virusi hai hamruhusiwi nyingi. Wenye kadi zao za chanjo nifuateni pale mlangoni. Na wenye kipimo kesho asubuhi, hebu nyanyueni mikono niwaone.