Anzeni na Daftari la Deni: Mhadhara kwa Walimu wa Biashara wa Kakuma na Kalobeyei

Walimu wenzangu, ndugu maofisa wa miradi, asanteni kwa nafasi hii. Habari za Kakuma, kambi ya wakimbizi ya Turkana, Kenya, tangu ilipofunguliwa 1992, na za makazi jirani ya Kalobeyei, mnazijua, wengine mmekaa huko miaka mingi kuliko mimi, kwa hiyo naziacha. Nakuja kwenye jambo ambalo wengi wenu mmeshanisikia nikilisema, na nitaendelea kulisema mpaka mitaala ibadilike.

Tunawafundisha vijana wakimbizi biashara ya mahali ambapo mteja anakuja na pesa mkononi. Kakuma na Kalobeyei mteja hana pesa mkononi. Ana mgao wa msaada wa chakula anaoungoja, na hapo katikati familia inakula kwa deni. Biashara ya kule ni ya kukopesha na kudai. Halafu tazameni ratiba zetu: wiki mbili za mafunzo, siku tatu za mpango wa biashara, siku nzima ya kutafuta jina la duka, na somo la deni linawekwa asubuhi ya mwisho, watu wakisubiri vyeti.

Nitawaeleza habari za binti mmoja wa Kivu Kusini aliyefungua kibanda Kalobeyei. Alipitia mafunzo ya mradi mmoja, akafaulu, akapewa mtaji wa bidhaa: unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni ya mche, chumvi, dagaa. Mpango wake wa biashara niliusoma, ulikuwa mzuri. Washindani amewataja, faida ameipigia hesabu. Haukupita muda mrefu, rafu zikawa tupu. Ofisa aliyemtembelea akaandika kwamba kijana hana nidhamu, mtaji ameula.

Nilipofika nikamwomba daftari. Alikuwa nalo, na ndipo nilipojua kwamba nidhamu anayo. Kurasa zimejaa. Lakini zimejaa nini? "Mama Neema 150." Mstari wa chini, "Mama Neema 80." Nikamuuliza, huyu ni mmoja? Akasema hapana, akina Mama Neema wako watatu, na huyu wa themanini hakumbuki ni yupi. Hakuna tarehe. Hakuna bidhaa. Aliyelipa nusu amekatwa mstari, aliyelipa yote amekatwa mstari vilevile. Mtaji wake haukuliwa na mtu mbaya. Umeliwa na majirani kwa nia njema, na yeye hana njia ya kuudai bila kugombana nao.

Tulikaa chini na daftari jipya. Ukurasa mmoja kwa nyumba moja, si kwa mtu, kwa sababu asubuhi anakuja mama, jioni anatumwa mtoto, na wote wanasema "dada, niandikie". Tarehe, bidhaa, bei, kilicholipwa, kilichobaki. Kila akiandika, anausoma mstari kwa sauti mbele ya mteja, na mteja anaweka alama yake. Wasiojua kuandika walichagua alama wenyewe: mmoja alichora jembe, mwingine samaki. Tukaweka kikomo: nyumba haikopi zaidi ya ilicholipa mwezi uliopita. Kisha tukafungua gunia la sukari la kilo 50 tukahesabu linatoa vikombe vingapi, kwa sababu alikuwa akiuza kwa kikombe, akifunga kwenye karatasi, bila kujua gunia likiisha anatakiwa awe na shilingi ngapi. Kikombe chenyewe alikuwa akikijaza mpaka sukari inamwagika. Hapo ndipo faida yote ya gunia ilipokuwa ikipotelea, na hakuna mwalimu aliyekuwa ameomba kukiona kikombe kile.

Madeni mengine yalirudi. Mengine hayakurudi, watu walishahama. Lakini kibanda kiko wazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na bado tunalifanya daftari kuwa somo la kufungia.

Najua kuna anayesema moyoni: mwalimu, kwa nini usimfundishe akatae kukopesha? Abandike kile kibao cha "leo taslimu, kesho mkopo", yaishe. Ndugu yangu, kibao hicho kinamfaa mwenye duka kubwa. Tangu Bamba Chakula, msaada wa chakula unaotumwa kwa simu badala ya kugawiwa mkononi, ianze mwaka 2015, familia zimekuwa zikishikamana na duka linalowavusha mpaka siku ya mgao. Kijana akikataa kabisa, mteja anavuka njia, na harudi hata siku ana pesa. Tena huyo anayeomba mkopo ndiye aliyemchotea maji alipokuwa mgonjwa. Unamwambia akatae, halafu akaishi wapi?

Jambo la kukataa lipo, na hapa nataka tuwe wakali. Kuna wenye maduka wanaoshika laini ya simu au kadi ya benki ya mteja pamoja na namba ya siri, eti dhamana. Mgao ukiingia, mwenye duka ndiye anayeutoa. Mama anakuwa hajui ameingiziwa kiasi gani, na hawezi kununua kwingine hata bei ikipandishwa. Kijana wetu akiona jirani anafanya hivyo, ataiga, maana ndiyo njia rahisi ya kulipwa. Tumwambie wazi kwamba huo ni unyonyaji, na tumpe njia nyingine, nayo ni ule mstari uliosomwa kwa sauti na kuwekewa alama.

Wengine wanasema vijana hawa hawajui hesabu. Hapana. Wakongomani wana likelemba, Wasomali wana hagbad, yaani michezo ya kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, na hakuna anayesahau zamu ni ya nani na nani hajatoa. Hesabu ya deni wanaiweza. Anzeni pale.

Halafu kuna utafiti wa 2018 wa IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia, ule unaofungua kila andiko la kuomba fedha: uchumi wa Kakuma ulikuwa takriban shilingi bilioni 6 kwa mwaka, biashara zaidi ya 2,000. Someni na sehemu ya pili: wauzaji wa jumla walikuwa 14. Maana yake kijana anamkopesha jirani huku yeye mwenyewe anadaiwa na mwenye jumla. Anahitaji kurasa za aina mbili, anazodai na anazodaiwa, na azisome pamoja kila jioni. Mwaka 2025 mgao ulipokatwa, asiyejua jumla ya anachodai hakuweza hata kujua ni lini aache kukopesha.

Nimeonyeshwa kwamba muda unaisha, basi nitakwenda haraka. Laini ya simu: vijana wengi wanapokea malipo kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na mtu huyo wakikosana naye, pesa zimekwenda. Litengenezwe hilo kabla ya mtaji kutolewa. Leseni ya kaunti: iwekwe kwenye hesabu ya gharama, isije kuwa habari mpya askari wa kaunti akiwa mlangoni. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inaruhusu kufanya biashara, lakini kwenda Kitale kununua mzigo bado kunadai kibali cha kusafiri, kwa hiyo wafundisheni kununua kwa pamoja kupitia mmoja aliyepata. Vijana wa Kiturkana, wenyeji wa pale, wakae darasa moja na wenzao wakimbizi. Hili lina maelezo marefu, nitalijibu kwenye maswali.

Ombi langu kwa wenye fedha ni moja. Msimpe kijana bidhaa zote siku ya cheti. Mpeni theluthi. Rudini baada ya mgao mmoja, kaeni naye, fungueni daftari ukurasa kwa ukurasa, pimeni kikombe chake. Ndipo mtoe zilizobaki.