Bomba la Mzima na Jedwali la Nne

Mwenyekiti, ahsante. Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo. Bango la nje linasema nitazungumzia ugatuzi, yaani kugawia kaunti madaraka. Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana kila nikiitwa kuzungumzia Katiba huishia kwenye maji. Leo nimeamua kuokoa muda: naanzia huko huko.

Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, ndani ya mbuga ya kitaifa. Bomba lake lilitandikwa zama za Mwingereza. Linateremka zaidi ya kilomita 200, linapita Voi, Maungu, Mackinnon Road, Mariakani, ndipo linaingia Mombasa. Hesabuni: Taita Taveta, Kwale, Kilifi, Mombasa. Kaunti nne. Mtaita analiona likimpita mlangoni naye ndoo yake tupu, na malalamiko hayo ni ya zamani kuliko Katiba yenyewe. Sasa, bomba ni la nani? Linasimamiwa na shirika la maji la serikali ya kitaifa, ambalo huziuzia kampuni za maji za kaunti kwa jumla, nazo ndizo zinazokuletea bili. Mfereji ukikauka Kisauni, unamlaani gavana. Gavana anakwambia hajapokea maji. Shirika linasema halijalipwa. Huku Baricho, chanzo kingine cha maji yetu ya Pwani, ambako maji husukumwa kwa umeme, shirika lenyewe limewahi kukatiwa umeme kwa deni. Na wewe umesimama na mtungi.

Fungueni Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Sehemu ya Kwanza inaipa serikali ya kitaifa ulinzi wa maji na usalama wa mabwawa. Sehemu ya Pili inazipa kaunti huduma za maji na usafi. Na hili bomba linalounganisha chanzo na nyumba yako? Hulioni popote kwa jina. Hapo ndipo wanasheria wa Nairobi hukimbilia Kifungu cha 186: jukumu ambalo kaunti haikupewa ni la serikali ya kitaifa. Marekani mambo ni kinyume, kilichobaki ni cha majimbo au cha wananchi. Sisi tuliamua hivi, na tuliipigia kura wenyewe 2010.

Lakini msinipigie makofi bado, kwa sababu lawama si ya Nairobi peke yake. Sheria ya Maji ya 2016 inasema mitambo ikishakamilika ikabidhiwe kaunti, au chombo cha pamoja cha kaunti, au kampuni inayosambaza maji. Kifungu cha 189 cha Katiba nacho kinaruhusu serikali kuunda mamlaka za pamoja. Yaani magavana wanne wanaweza kukaa meza moja na kuunda chombo cha kulidai bomba hili. Kaunti zetu sita za Pwani zina jumuiya yao, mikutano inafanyika, chai inanywewa, picha zinapigwa. Chombo cha kumiliki bomba kiko wapi? Mheshimiwa aliyeketi pale mbele anatazama simu. Sawa, nitamuuliza tena baadaye.

Najua kuna mzee ananiambia moyoni, “Mwalimu, dawa ni majimbo.” Mzee wangu, tulikuwa nayo. Katiba ya 1963 ilitupa mabunge ya majimbo, na Ronald Ngala alilipigania jambo hilo kwa jasho. Serikali kuu haikuhitaji hata kubishana naye: iliyanyima majimbo fedha na madaraka. Novemba 1964 chama chake, KADU, kikavunjwa, kikajiunga na KANU, chama tawala, na jamhuri ilipotangazwa Desemba ndoto ilikuwa imekwisha. Kumpa mtu kazi bila fedha ni kumtuma mtoto dukani mikono mitupu, kisha ukamchapa kwa kurudi bila sukari.

Ndiyo maana waliotunga Katiba ya 2010 waliandika kaunti zipewe asilimia 15 ya mapato ya taifa. Someni vizuri, tafadhali, hata wabunge hukosea hapa: si chini ya asilimia 15 ya mapato ya mwaka ambao hesabu zake za mwisho zimekaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, kaunti inapimiwa kwa mapato ya zamani. Na kinachozidi hapo ni mvutano. Mwaka wa 2024, Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi ulipoondolewa baada ya maandamano, mgao wa kaunti ulishuka kutoka shilingi bilioni 400.1 hadi 387.4. Aliyeandamana dhidi ya kodi hakuandamana ili zahanati ya Likoni ipunguziwe dawa, lakini hesabu ilifanyika hivyo.

Nilitaka kugusa hospitali na mzozo wa ushuru wa barabara. Mwenyekiti ananionyesha saa. Barabara nitaziacha, madaktari nao. Nipeni maswali, na tafadhali tuanze na mheshimiwa wa simu: barua ya kulidai bomba itaandikwa lini?