Mtoto wa Kupakatwa na Tiketi ya Uwanjani

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo huzuka karibu kila mara tiketi za mashindano makubwa zinapoanza kuuzwa, nalo ni kama mtoto mchanga anayepakatwa na mzazi wake anapaswa kuwa na tiketi ili aingie uwanjani. Wanaobishana hugawanyika upesi: wazazi huona ni uchoyo kumtoza kiingilio mtu asiyejua hata mpira ni nini, na wasimamizi wa viwanja hujibu kwamba kanuni ni kanuni. Naona pande zote mbili zinachanganya kazi mbili ambazo tiketi huzifanya kwa pamoja, yaani kukusanya kiingilio na kuhesabu watu. Kazi ya kwanza haimhusu mtoto mchanga hata kidogo. Ya pili inamhusu kuliko karibu kila mtu mwingine aliyemo uwanjani.

Idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia katika uwanja haitokani na idadi ya viti peke yake. Nchini Uingereza, ambako sheria ya usalama wa viwanja ilitungwa mwaka 1975 baada ya watu 66 kufa kwenye ngazi za uwanja wa Ibrox, Glasgow, mwaka 1971, wakaguzi hupima ni watu wangapi wanaweza kukaa, ni wangapi wanaweza kupita mageti katika muda wa saa moja, na ni wangapi wanaweza kutoka kwa usalama. Kisha kipimo kilicho kidogo kuliko vingine ndicho kinachokuwa ukomo wa uwanja. Katika kutoka, muda unaokubalika hauzidi dakika 8. Hesabu yote hiyo imejengwa juu ya kichwa kimoja kimoja. Mtoto aliyepakatwa hachukui kiti, hilo ni kweli, lakini watu wanapotoka yeye habaki nyuma: anabebwa na mtu ambaye hana mkono wa kushika reli, ambaye haoni vizuri ngazi iliyo chini ya miguu yake, na ambaye atasita penye msongamano ambapo mwingine angepita. Kwa hiyo, katika njia ya kutokea, watu hao wawili hawawezi kuhesabiwa kuwa mmoja, na anayewahesabu hivyo anajidanganya juu ya uwezo wa uwanja wake.

Zamani katika viwanja vya Uingereza lilikuwa jambo la kawaida baba kumwinua mwanawe na kumpitisha juu ya geti la kuzunguka, huku mlinda geti akijifanya haoni. Wapo wanaoikumbuka desturi hiyo kwa mapenzi, nami siwalaumu, kwa kuwa wengi ndivyo walivyoingia uwanjani kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, geti lile ndilo lililokuwa likihesabu watu, na kila mtoto aliyepitishwa juu yake alikuwa ndani ya jukwaa bila kuwamo katika hesabu. Kwamba msongamano hauwabagui watoto tulikumbushwa tarehe 1 Oktoba 2022 katika uwanja wa Kanjuruhan, wilayani Malang, Indonesia, ambako watu 135 walikufa, makumi kati yao wakiwa watoto. Chanzo kilikuwa mabomu ya machozi yaliyowakimbiza watu kuelekea milango myembamba, wala si watoto walioingia bila tiketi. Lakini tiketi zilizouzwa zilikuwa zimekwisha kupita idadi iliyoruhusiwa, na hapakuwa na nafasi ya kukosea.

Sasa nije kwenye bei. Waandaaji wa Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012 walianza kwa kudai tiketi kwa kila mtu wa kila umri. Maombi ya tiketi yalipokelewa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya michezo, na miezi tisa haihitaji hesabu ngumu: wapo wanawake waliopata tiketi kabla hawajashika mimba, wakajikuta watahudhuria wakiwa na mtoto anayenyonya, na tiketi nyingine haipatikani. Malalamiko yalikuwa makubwa, na waandaaji wakalegeza masharti kwa watoto wasiozidi miezi 12. Kilichokosewa pale, kwa maoni yangu, si kutaka mtoto ahesabiwe, bali ni kumtaka mama anayenyonyesha ashindane na mamia ya maelfu ya watu kununua kiti ambacho mtoto wake hatakikalia. Mashirika ya ndege yalikwisha kulimaliza suala hili. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa kwa nauli ndogo, au bila nauli kabisa katika safari nyingi za ndani, na bado jina lake limo katika orodha ya abiria.

Ipo pia faida ambayo wazazi hawaizungumzii sana, nayo ni kwamba anayetoa tiketi hupata nafasi ya kumwonya mzazi mapema juu ya kelele. Kelele za desibeli 100 huhesabiwa kuwa hatari kwa sikio la mtu mzima baada ya takriban dakika 15, na mashabiki wanaweza kuzifikia. Katika uwanja wa Arrowhead, Kansas City, Marekani, mwaka 2014, zilipimwa desibeli 142.2. Drew Brees, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alipomwinua mwanawe wa mwaka mmoja baada ya kushinda Super Bowl, fainali ya mchezo huo, mwaka 2010, mtoto yule alikuwa amevaa kinga kubwa za masikio, na picha ile nadhani iliwafundisha wazazi wengi kuliko tangazo lolote.

Ninachopendekeza, basi, ni tiketi ya bure kwa kila mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, iliyofungwa kwenye tiketi ya mtu mzima mmoja, isiyoweza kuuzwa wala kuhamishwa. Nasema miaka miwili kwa sababu baada ya hapo mtoto hakai tena mapajani kwa muda wa mchezo mzima. Atataka kiti, na apewe kwa bei ya mtoto. Viko viwanja vinavyopima kimo badala ya umri, lakini njia hiyo huwaadhibu watoto warefu.

Utaratibu huu una gharama moja ambayo wenye viwanja hawataipenda: ni lazima kila jukwaa litengewe nafasi chache ambazo haziuzwi mapema, ili aliyejifungua baada ya kununua tiketi aweze kumwandikisha mtoto wake hata wiki ya mchezo wenyewe. Nafasi zitakazobaki bila kuombwa zinaweza kuuzwa getini siku ya mchezo.