Jicho lililopotea kwenye neno "vindue"

Jamani asanteni kwa kuja, tuanze moja kwa moja. Neno letu leo ni la Kidenmark, vindue, yaani dirisha, na ukimuuliza Mdenmark wa kawaida lina vipande gani atakwambia vind ni upepo, akifika kwenye ile -ue iliyobaki anakwama, haimwambii kitu. Utamu wote uko hapo.

Turudi kwa Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia. Kwenye lugha yao, Kinorse cha kale, neno lilikuwa vindauga: vindr upepo, auga jicho. Jicho la upepo! Na sio ushairi huo, nyumba zenyewe ndo zilivyokuwa. Nyumba ndefu, moto unawaka katikati sakafuni, bomba la moshi hamna, kioo hamna, kwa hiyo watu wanaacha tundu moshi upate pa kutokea, hewa iingie, mwanga nao upenye kidogo.

Sasa jicho limeenda wapi? Limeliwa na mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, wao wanakaza mwanzo wa neno, basi wakishatia nguvu kwenye vind kinachofuata kinatamkwa juujuu tu, kizazi baada ya kizazi, mpaka kinasagika. Auga iliyosimama peke yake iligeuka polepole ikawa øje, ndo jicho la Kidenmark mpaka leo, ila ile iliyonaswa ndani ya vindauga ikabaki -ue, na ukiziweka mbili hizo pamoja huamini kama asili ni moja. Nendeni visiwa vya Faroe lakini, bado wanasema vindeyga, na Wanorwe wanaotumia Nynorsk, moja ya namna mbili za kuandika Kinorwe, wanaandika vindauge, jicho lipo wazi kabisa.

Kuna na Waingereza. Waviking waliuteka mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 866, wakalowea, wakaoa, maneno yao yakaingia Kiingereza na vindauga ikaja kuwa window. Wenyeji walikuwa na la kwao, eagþyrl (hiyo þ isome th), tundu la jicho, likafa, ila hiyo þyrl mnaitamka kila siku bila kujua, imejibanza mwishoni mwa nostril, tundu la pua, na mimi hiki ndo kinanifurahisha kuliko vyote.

Waswidi nao walikuwa na vindögha, wakaliacha wakachukua fönster, ambalo ni fenestra ya Kilatini iliyopitia kwa Wajerumani. Na kabla hamjaniuliza, dirisha letu ni la Kiajemi, dariche, mlango mdogo.

Haya, maswali.