Kutulia na Kufanya Kazi: Mhadhara kwa Wakristo Wakulima, Jinja

Bwana asifiwe, akina mama na akina baba. Tufungue 1 Wathesalonike 4:11. Paulo anaagiza watu watulie, washike shughuli zao wenyewe, wafanye kazi kwa mikono yao. Wengi hudhani kutulia ni kushinda kanisani umenyamaza. Basi someni kwanza Matendo 17. Thesalonike ulikuwa mji wa bandari, na ghasia zilizomwondoa Paulo pale zilianza kwa kukusanya watu waliokuwa wakizurura sokoni. Wakavamia nyumba ya Yasoni, naye hakuachiliwa mpaka dhamana ilipotolewa. Kanisa lile lilikuwa limeshaonja jinsi mtu asiye na shughuli anavyookotwa kwa fujo. Sisi tuliopita misimu ya kampeni hatuhitaji maelezo zaidi.

Sasa twende shambani, maana wengi hapa mnauza kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake. Utulivu wa Mkristo mkulima uko juu ya turubai. Chuma tunda jekundu peke yake, urudi kwenye mti ule ule mara kadhaa kwa msimu, usilikwangue tawi zima kwa mkupuo mmoja. Tunda bichi likikauka, punje hutoka ndogo na kikombe huharibika ladha. Ulichochuma leo kitandaze leo. Kikilala kwenye gunia kinapata joto na kuchacha. Tabaka lisizidi sentimita 4 hivi. Geuza kwa reki mara kadhaa kwa siku, funika jioni na mvua inapotishia. Usianike kwenye udongo mtupu: kahawa hunyonya harufu, na unyevu wa ardhi huleta ukungu. Jua likiwa kali, hesabu wiki mbili hadi tatu. Unyevu ukishuka hadi asilimia 13, tikisa konzi moja sikioni, utasikia punje zinagonga ganda.

Kwa nini basi tunachuma mbichi? Wengine wanaogopa wezi, na hofu hiyo ina haki. Lindeni kwa zamu na majirani. Lakini wengi walishauza kahawa ikiwa bado maua. Mchuuzi alitoa pesa mapema kwa bei ya kuumiza, sasa anadai magunia, na ada ya shule imeshazila. Mstari wa 12 unasema tusiwe na haja ya kitu, tena tuenende kwa adabu mbele ya walio nje. Hao walio nje ndio wenye mizani. Ukinyunyizia gunia maji lipande uzito, watajua, na watajua pia unasali wapi.

Neno la mwisho ni kwa kamati za msaada. 2 Wathesalonike 3:10 inamnyima chakula anayekataa kazi. Makanisa mengi huielekeza kwa mgonjwa, au kwa kijana aliyezunguka mji mzima akakosa kibarua, na huo ni uonevu. Ulizeni: ana nguvu? Alipewa kazi gani, lini, akaikataa mbele ya nani? Kama hakuna aliyempa kazi, anzeni hapo: mpeni jembe na kipande cha shamba la kanisa. Akikataa, mstari wa 15 unasema aonywe kama ndugu, asihesabiwe adui. Yeye atasubiri. Watoto wake wapewe posho na maharagwe jioni hiyo hiyo, bila kutangaziwa madhabahuni.