Konda na Mizani: Kwa Nini Kalorimita ya Hadroni Ihesabu

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanangu. Nimepewa dakika ishirini na Mwenyekiti ameshaivua saa yake na kuiweka mezani, kwa hiyo hadroni nazieleza kwa pumzi moja: ni chembe zilizoundwa na kwaki, kama protoni na nyutroni. Mengine mmesoma. Nimekuja na jambo lile lile ambalo wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wamechoka kulisikia: kalorimita ya hadroni, yaani chombo kinachozizuia chembe hizo kujua nishati yake, kwenye mitambo ijayo ya kugonganisha chembe iache kung'ang'ania kupima, ihesabu chembe. Tena ihesabu kwa vipande vidogo vidogo.

Naona mtu anatikisa kichwa. "Daktari, kalorimita si kazi yake kupima nishati?" Ndiyo, na hapo ndipo inapotuangusha. Payoni, ambayo ni hadroni nyepesi, ikigonga chuma cha kalorimita, sehemu ya nishati yake inaishia kuvunja viini vya atomu na huioni tena. Sehemu nyingine inazaa payoni zisizo na chaji, nazo zinageuka fotoni papo hapo. Mgawanyo huo haufanani kati ya tukio moja na jingine. Kifaa chako hata kiwe ghali namna gani, maumbile yenyewe yanakuyumbisha.

Na tunachotafuta hakivumilii kuyumba. Chukueni chembe mbili nzito, bosoni W na Z: masi ya W ni gigaelektronivolti 80.4, ya Z ni 91.2. Zote mbili zikioza zikawa jeti, yaani mafungu ya chembe zinazoruka pamoja upande mmoja, ili usizichanganye unahitaji kujua nishati ya jeti kwa kosa la asilimia 3 hadi 4. Sasa fungua jeti uone kilichomo. Kwa wastani, asilimia 60 hivi ya nishati imebebwa na chembe zenye chaji, ambazo njia zake zinapindwa na uga wa sumaku na kupimwa vizuri kuliko kalorimita yoyote. Asilimia 30 ni fotoni, zina kalorimita yao mbele. Kinachobaki, kama asilimia 10, ni hadroni zisizo na chaji, kama nyutroni na baadhi ya kaoni. Hao ndio wageni wetu. Kwa hiyo swali kubwa la kalorimita ya hadroni ni hili: nishati iliyoangukia hapa ni ya nani? Ukikosea, umemhesabu mtu mmoja mara mbili, au umemsahau.

Basi la mkoani likipanda mizani pale Vigwaza, mizani inakupa tani, basi. Nani alipandia Mbezi, nani Kibaha, haijui wala haina haja. Konda anajua, kwa sababu amepita kiti kwa kiti. Mimi nataka konda. Lakini msinipigie makofi bado, konda naye ana udhaifu wake, na anayepanda daladala ya Mbagala jioni anaujua: watu wakishonana hahesabu vizuri, na mtoto wa kupakatwa hahesabiwi kabisa. Ndicho kilichoonekana kwenye kalorimita ya kidijiti iliyojengwa Argonne na kujaribiwa Fermilab, maabara mbili za Marekani. Kila kigae, yaani kipande cha kusomea cha sentimita 1 kwa 1, kilijibu ndiyo au hapana tu. Manyunyu ya chembe yanapokuwa mazito katikati, kigae kimoja kinapitiwa na chembe nyingi lakini jibu ni lile lile moja. Nishati inapanda, hesabu inachelewa nyuma.

Dawa yake ni vizingiti vitatu vya ukubwa wa ishara badala ya kimoja. Kigae kinasema: chembe moja hivi, chache, au umati. Biti mbili, zinatosha. Kielelezo cha majaribio cha CALICE, kikundi cha kimataifa cha watafiti wa kalorimita, kilichopelekwa CERN, maabara ya Ulaya, mwaka 2012 kina tabaka 48 za mita 1 kwa 1, kila moja chuma na chumba chembamba cha gesi. Kila tabaka lina vigae 9,216 vinavyosomwa na chipu 144, chipu moja njia 64. Zidisheni wenyewe, mtapita 440,000. Faida ya vizingiti ikaonekana wazi kwenye nishati za juu, hasa zaidi ya gigaelektronivolti 40 hivi, kule kule umati unakoanzia.

"Gesi ni nyepesi, itaizuiaje hadroni?" Hili nimeulizwa mpaka basi. Jamani, gesi haizuii kitu! Kinachozuia ni chuma kisichoshika kutu, kama milimita 20 kwa kila tabaka. Gesi ni ya kuhesabu tu. Vioo viwili, nafasi ya milimita 1.2 katikati, karibu volti 7,000. Chembe ikipita inang'oa elektroni, elektroni zinaporomoka zikiongezeka, na kwa kuwa kioo kina ukinzani mkubwa, cheche haisambai. Wazo hilo ni la Santonico na Cardarelli, mwaka 1981, wao wakitumia bakelaiti. Kioo, rangi yenye kaboni, gundi. Maabara yetu haiwezi kutengeneza kimoja kidogo cha kufundishia? Hapo nanyamaza, Mwenyekiti ananitazama.

Haraka haraka, basi. Wenzetu wanaotumia plastiki inayotoa mwanga badala ya gesi, yenye vigae vya sentimita 3, wana hoja nzuri, siku nyingine. Kioo kinachelewa kupumua baada ya kila chembe: chembe 100 hivi kwa sekunde kwa sentimita ya mraba, ukizidisha kinachoka; kwa kolaida za elektroni, mitambo inayogonganisha elektroni na pozitroni, inatosha. Gesi yenyewe ni aibu: asilimia 93 ni tetrafluoroethani, inayopasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi, na ile asilimia 2 ya heksafluoridi ya salfa ni zaidi ya mara 20,000. Mbadala upo, ila unadai volti za juu zaidi. Aliyeuliza mlangoni kuhusu joto la Dar: kioo kikipata joto ukinzani unashuka na kelele inaongezeka, kwa hiyo volti inarekebishwa kufuata joto na mgandamizo wa hewa.

Kuhusu kuzima chipu kati ya fungu moja la chembe na jingine ili kuokoa umeme, nilikuwa na slaidi tano. Naziruka. Mwenye swali la umeme anikute kwenye chai.